Taa za Tela Zinataka Mgonjwa

Asubuhi ile, benchi la pale kona lilikuta kesi imeshawasili. Breki, dereva wa malori mstaafu, alikaa mkono shavuni, kahawa inampolea. Mbele yake lilisimama tela la kulala alilolijenga kwa mabati na vyuma chakavu: kijumba cha magurudumu mawili cha kuvutwa na gari, kina kitanda, jiko na taa tatu. Miaka yote mkewe alibaki nyumbani akimngoja. Sasa alikuwa amemwahidi kwamba watatembea wote, na safari ilikuwa mchana huo huo. Lakini mama huyo alipoingia kutandika shuka, taa zilipepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga, zikazima. Akatoka na sanduku lake. "Baba watoto, mimi sisafiri ndani ya kopo la giza."

— Umeme wenyewe volti ngapi? aliuliza Mkasi, fundi cherehani.

— Kumi na mbili. Wa betri.

— Kumi na mbili tu? Basi unachoka njiani. Betri mbele, taa nyuma! Usubiri, haba na haba hujaza kibaba.

— Nimesubiri tangu alfajiri, Mkasi. Nimebadilisha balbu, nimebadilisha fyuzi. Betri nzima, feni inazunguka.

Mizani, muuza nyama, ambaye akikaa benchi wenzake huinuka kidogo upande wa pili, alitikisa kichwa.

— Taa hizo zina haya. Mwanamke anatandika kitanda, nazo zimefumba macho. Hiyo ni adabu, bwana.

— Nilipozigonga ziliwaka kidogo.

— Unazipiga? Zibembeleze, polepole ndiyo mwendo!

Breki hakucheka. Taa hazikumuuma kama lile sanduku lililorudi nyumbani.

— Waya ulizitoa wapi? aliuliza wa tatu, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

— Kwenye gari bovu la wagonjwa.

Redio akasimama, akaweka kikombe chini taratibu.

— Jamani, kesi imekwisha. Waya hizo zimezoea kazi yake. Zinataka mgonjwa.

Siku nyingine Breki angemfukuza. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Wakamtazama Mizani, naye akashika tumbo, akaanza kuugulia kwa ufundi mkubwa. Wakamsukuma mlangoni, wakamlaza kitandani. Sakafu ikalia kwaa! Taa zote tatu zikawaka.

Kijiwe kizima kikapiga makofi. Mizani akashuka kuja kujionea, taa zikazima. Akarudi, akalala, zikawaka.

— Mizani lazima asafiri, alitangaza Redio.

— Mgonjwa haendi bila muuguzi, alisema Mkasi. Mkono mmoja haulei mwana. Nami naenda.

— Na ndugu wa mgonjwa je? aliuliza Redio. Nani atapiga simu nyumbani kutoa taarifa? Mimi huyo!

Breki, macho yamemjaa nuru ya balbu, akakubali yote. Akaanza hata kupanga: Mizani kitandani, Mkasi pembeni yake, Redio karibu na jiko. Alikuwa anapima mahali pa kuweka mto wa tatu mkewe, sanduku mkononi tena, alipochungulia mlangoni.

— Na mimi nitalala wapi?

Mkasi alitazama kucha zake. Redio aliushika mto wake, akaanza kurudi nyuma.

Breki aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Kwa kukosa pa kuficha uso, aliinama, akajiingiza uvunguni mwa tela. Juu yake mbao zilikuwa zimebonyea kwa uzito wa mgonjwa, zikiugandamiza waya wa hasi wa taa, ule wa kurudisha umeme, kwenye chuma cha fremu. Nati iliyopaswa kuubana ilikuwa imelegea, imeliwa na kutu. Akaikwangua kwa kisu, akaikaza kwa spana.

— Mizani, inuka!

Mizani aliinuka kwa shingo upande. Taa hazikutikisika.

Mama akalivuta sanduku ndani, akalisukuma chini ya kitanda, akakaa.

— Kwa hiyo mimi... alianza Mizani, bado kashika tumbo.

— Shuka, shemeji, alisema mama. Umepona.