Pasaka ya Bada na Perege

Pale Hale, ukitoka Segera kwenda Tanga, tulikuwa na benchi letu la mbao ukutani mwa duka la kijiji. Ndio kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, na mwaka ule dukani mlikuwa na chumvi, viberiti na salamu tu. Unga wa ngano, mchele na sukari tulivisikia kwa majina. Sadala alituuzia kahawa chungu bila kashata, nasi tukanywa. Jumamosi ya kuamkia Pasaka akaja Petro, kijana wa Kisambaa tuliyemwita Mlima. Akaketi, kikombe kikampoa mkononi.

— Mlima, nani kafa? Sadala akauliza.

— Baba mkwe anakuja kesho. Alitukataza kushuka huku bondeni. Kaapa akimkuta Rosina ana njaa siku ya sikukuu, anaondoka naye. Sasa Pasaka bila wali wala maandazi, Pasaka gani hiyo?

Semboja akakohoa. Huyu tulimwita Mgiriki, kwa kuwa alifanya kazi jikoni kwa Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge.

— Maandazi ya nini? Wagiriki wanachemsha mayai, wanayatia rangi nyekundu. Kisha mnagonganisha, wewe na mwenzio. La kwako likipasuka, umeshindwa. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu na yai wapi na wapi?

— Vyote huvunjika, ndugu yangu.

Aliyeuliza ni Mdoe. Yeye ndiye mwenye redio, nasi tukamwita Redio.

— Hayo madogo, Redio akasema. Uhabeshi hawagusi nyama karibu miezi miwili. Pasaka ikiingia tu, kuku wa pilipili, na mayai humohumo kwenye mchuzi. Kijiji kizima kinalia.

— Kwa furaha?

— Kwa pilipili. Na Ujerumani mayai huletwa na sungura.

— Sungura anataga? Sadala aliacha kumimina.

— Kule kuna baridi, Sadala. Baridi ikizidi, mnyama yeyote anataga. Mwenda pole hajikwai.

— Basi tumchukue sungura wa jirani yetu Mhina tumtie kwenye maji baridi ya mtungi! akasema Mgiriki, na kweli akasimama, anafunga kikoi vizuri.

Hapo akatokea Rosina, mke wa Petro, ndoo ya maji kichwani. Alikuwa ameyasikia yote tangu kwenye kona.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, mwanetu.

— Samahani, hivyo vyakula vya Wagiriki na Wahabeshi, nani kati yenu amewahi kuvila?

Redio akaangalia vidole vya miguu yake. Mgiriki akajibu taratibu:

— Mimi nilikuwa naosha sahani.

Rosina akatua ndoo.

— Petro, baba yangu meno yamekwisha, maandazi atayatafunia nini? Na kule kwetu samaki mbichi tunamwona kwa nadra. Nitafutieni perege wa mto huu. Bi Mwantumu atanifundisha kusonga bada. Nimehamia hapa, atakula cha hapa.

— Na akikasirika?

— Atakasirika ameshiba.

Basi tukaenda mtoni, Waislamu kwa Wakristo. Maji ya masika yalikuwa mazito kama chai ya maziwa. Mgiriki aliteleza akazama hadi kifuani, akapiga kelele kwamba mamba amemkamata; alikuwa amenasa kwenye ndoana ya Petro. Jioni tulirudi na perege wa kutosha. Bi Mwantumu, mke wa Sadala, akakuna nazi, akamshika Rosina mkono na kumwonyesha namna ya kuusonga ule ugali wa muhogo mpaka uvutike bila kukatika.

Siku ya pili Mzee Simeo, baba yake Rosina, akateremka kwenye basi na koti lake zito la mlimani, uso umekunjwa. Baada ya ibada akaketishwa mkekani. Aliitazama bada, akamtazama binti yake, akakata tonge dogo, akachovya. Sote tukaacha kula. Petro alikuwa akitokwa na jasho puani. Mzee akameza, akakata tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza.

— Rosina, nani kakufundisha hiki?

— Jirani yangu huyu, Bi Mwantumu.

Mzee akamgeukia, akaweka tonge chini.

— Ahsante sana, mama. Usiku nilikuwa silali. Nilidhani mwanangu yuko peke yake.

 Bi Mwantumu akamwongezea mchuzi.

Jua lilipopoa tukamleta benchini, kahawa ikapita. Mzee akafungua vifungo vya koti, akalivua kabisa, akaliweka magotini.

— Enyi wenyeji, basi la kurudi Korogwe hupita hapa saa ngapi?

Sadala, anayewasha mkaa kwa kulisikiliza basi hilo kila siku ya Mungu, akainamia dele lake la kahawa. Redio akachunguza mawingu. Mgiriki akaanza kusema kwamba Ugiriki mabasi... akajikatiza kwa funda la kahawa. Petro naye akasema hajui.

Rosina akacheka, akalichukua lile koti magotini mwa baba yake, akaenda kulitundika ndani.