Wasifu wa Fundi Subiri, Aliyekataa Kutoa Plagi

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa dobi na mkewe. Wawili waliomtangulia walifariki wakiwa wachanga, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa waliobaki, na mama yake alimlea roho mkononi. Familia iliishi katika vyumba viwili nyuma ya duka la kufulia. Msimu wa mvua nguo za wateja zilianikwa mpaka juu ya vitanda vya watoto, na marehemu alizoea kusema kwamba alilala utoto wake wote chini ya suruali za watu asiowajua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari hadi 1979. Hakuwa wa kwanza darasani wala hakushika mkia. Walimu walimkumbuka kwa jambo moja. Aliifungua kengele ya umeme ya shule ili aone sauti inatokea wapi, ikampiga shoti na kumwangusha kutoka kwenye ngazi. Baba yake alipoitwa hakumchapa. Alimuuliza tu, "Ulizima umeme kwanza?" Mtoto akasema hapana. "Basi umeshachapwa," akasema mzee, wakarudi nyumbani. Mwaka 1980 alijiunga na chuo cha ufundi wa magari, akahitimu mwaka 1982.

Januari 1983 aliajiriwa katika karakana ya kampuni moja ya mabasi, akatengeneza pampu za dizeli kwa zaidi ya miaka thelathini. Kampuni ilipoifunga karakana hiyo mwaka 2015, wenzake wengi walikwenda kupumzika. Yeye mwaka uliofuata alijiandikisha chuoni upya ili ajifunze magari ya umeme. Siku ya kwanza karani alimwambia, "Mzee, wazazi wanasubiri pale nje." Akamjibu, "Wazazi wangu walishafariki. Mwanafunzi ni mimi."

Mwaka 2018 yeye na shemeji yake, mdogo wa mkewe na fundi wa kunyoosha bodi, walifungua gereji katika ghala la zamani la nafaka. Walikuwa chanda na pete, ingawa shemeji alikuwa mwepesi wa mkono na wa ulimi, na marehemu mzito wa vyote viwili.

Hapo gereji ndipo alipopewa jina la Subiri. Gari la umeme, alikuwa akisema, halingurumi kabla ya kukuua. Kazi aliyoitiwa mara nyingi ilikuwa kubadilisha sensa ya mota, kifaa kidogo kinachoiambia kompyuta ya gari mota imegeuka kufikia wapi. Ikiharibika, gari hushtuka likiondoka, au hukata nguvu katikati ya barabara. Sensa yenyewe haina umeme wa kuua mtu, lakini imekaa jirani na nyaya nene za rangi ya chungwa, na hizo hazina msamaha. Kwa hiyo utaratibu wake haukubadilika. Gari lizimwe, ufunguo upelekwe mbali, betri ndogo ifunguliwe, fundi avae glavu za mpira zilizokaguliwa, ndipo achomoe plagi ya kukatia umeme mkubwa. Kisha asubiri, maana umeme hubaki ndani hata baada ya kukatwa. Hapo ndipo vijana wa gereji walipochoka naye. Baada ya kusubiri alipima kwa mita, na mita yenyewe aliijaribu kwanza kwenye betri nzima, isije ikasema sifuri kumbe ni mbovu. Ndipo alipogusa. Na plagi ile haikuwekwa mezani hata siku moja. Ilikaa mfukoni mwa anayefanya kazi, au mwa mtu ambaye fundi huyo angemkabidhi roho yake.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mshonaji aliyekuwa na cherehani kwenye kibaraza mkabala na karakana ya mabasi. Kabla ya hapo, alipompelekea kwa mara ya nne ovaroli ileile, yule binti aliigeuza, akaitazama, akasema, "Huu mfuko unachanika wenyewe au unasaidiwa?"

"Unasaidiwa kidogo," alikiri marehemu.

Walijaliwa mabinti wawili, mwaka 1988 na 1993. Mdogo ni mwalimu wa chekechea. Mkubwa alirithi spana za baba yake.

Februari 2023 marehemu alianguka akiwa kwenye foleni ya benki. Moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno. Aliwekewa kifaa cha kuusukuma, chini ya mtulinga wa kushoto, akarudi nyumbani akitania kwamba sasa na yeye ni gari la umeme. Utani uliishia hapo. Daktari alimweleza kwamba mota za magari yale zina sumaku kali, na kwamba ikisogea karibu naye yaweza kukivuruga kifaa chake. Asiikaribie tena mota iliyofunguliwa. Alichora mstari mweupe sakafuni, akaweka kiti upande wa mbali, na kutoka hapo akamfundisha binti yake mkubwa kwa mdomo. Wateja walimwona mwalimu. Mkewe peke yake ndiye aliyemwona jioni, ameketi na mikono mapajani, viganja vikitazama juu, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Jambo linalofuata familia ililijadili, kama lisomwe au lisisomwe. Mjane ameamua lisomwe, kwa kuwa wengi mlioko hapa mmelisikia nusunusu.

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, lililetwa gereji gari la teksi lililokuwa likimpeleka mama mkwe wa marehemu hospitali kusafishwa damu. Figo zake zilikuwa zimeshindwa, miguu imevimba, na gari pekee aliloweza kuingia bila maumivu lilikuwa lile, lenye mlango mpana na kiti cha chini. Dereva alisema limemshtua mara mbili njiani, hathubutu kumpakia mgonjwa. Ilikuwa sensa. Binti aliianza kazi asubuhi, baba akielekeza kutoka kwenye kiti chake, plagi akiitunza yeye mfukoni mwa shati. Sensa mpya iliingia vizuri na kukaa kwenye alama ileile ya zamani. Lakini binti aliona gamba la waya mmoja limekwanguka, akarudi chini ya gari kuufunga kabla ya kuzifunika nyaya za chungwa.

Wakati huo shemeji aliingia, akitokea nyumbani kwa mama yake. Mama alikuwa ameshavaa, ameketi mlangoni.

"Sensa imeingia?"

"Imeingia," alisema marehemu.

"Basi nipe plagi. Niliwashe niondoke."

"Subiri. Mtoto bado yuko chini."

"Mwambie atoke."

"Hata akitoka, nyaya ziko wazi. Haliwaki mpaka zifunikwe."

"Shemeji, mama amekaa mlangoni. Wakimpa mwingine mashine yake, itakuwaje?"

"Tafuta gari jingine. Tutambeba mimi na wewe."

"Unajua miguu yake ilivyo."

"Najua. Subiri."

Shemeji alimkamata shati kifuani, mkono wa pili ukaingia mfukoni. Marehemu hakuwa na nguvu za kushindana naye. Aliiwahi plagi, akaifumbata kwa mikono miwili, akajikunja juu yake, akasema kwa sauti ya chini, "Unaweza kunipiga. Hii hutaipata." Shemeji alimwachia. Mkono wake ulikuwa umegusa kile kifaa chini ya ngozi, naye aliuondoa kama aliyeungua. Akatoka.

Binti aliyasikia yote akiwa chini ya gari. Alimaliza, akafunika nyaya, akatoka, akamwendea baba yake kuichukua plagi. Vidole vya mzee vilikuwa vimekaza. Ilibidi amfungue kimoja kimoja.

Shemeji alimpeleka mama yake kwa gari jingine, kwa taabu, wakafika wamechelewa. Mashine ilikuwa na mgonjwa mwingine. Waliambiwa warudi kesho yake, na asubuhi hiyo mama alifariki kabla hajavikwa viatu. Daktari alisema mwili wake ulikuwa umechoka tangu zamani, na kwamba hata angewahi, hawezi kuapa kwamba angeishi. Hakuapa pia kwamba asingeishi.

Kwenye mazishi shemeji alisema mbele za watu, "Huyu alichagua waya, akamwacha mama yangu." Marehemu alisikia. Mwezi haukuisha shemeji akahamisha vifaa vyake kutoka gereji, na upande wake wa ghala ukabaki mtupu.

Mjane aliye mbele yenu alikuwa amefiwa na mama, mdogo wake haingii kwake, na mume hali chakula. Hakumlaumu mumewe. Alimuuliza mara moja tu, wakiwa wamesimama wawili wakikunja shuka.

"Kama pale chini angekuwa kijana wa watu, si binti yetu, ungekataa vilevile?"

Alinyoosha pembe ya shuka kwanza. "Ningekataa."

"Umechelewa kujibu."

"Nilikuwa naangalia kama ni kweli."

Wakamaliza kuikunja shuka, na hawakulizungumza tena.

Tangu hapo afya yake ilishuka. Kifaa kilifanya kazi yake, lakini moyo wenyewe ulikuwa umelegea na mapafu yakawa yanajaa maji. Alilazwa Januari 2025, akarudishwa nyumbani Februari, kitanda chake kikawekwa sebuleni ili aone mlango. Kila mtu alipobisha hodi aliuliza ni nani, na nyumba nzima ilijua anamngoja nani. Alituma salamu kwa shemeji yake kupitia binti, tena na tena. Aliagiza jambo moja tu lisemwe: kwamba haombi aambiwe alikuwa sahihi, anaomba aje wakae.

Ijumaa, tarehe 7 Machi, jibu lilikuja. Shemeji angefika Jumapili. Marehemu alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akasema, "Na yeye leo anajua kuningojesha." Akaomba Jumamosi anyolewe ndevu, asije akakutwa anafanana na mgonjwa.

Alifariki Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa ameegemezwa kwenye mito, uso umenyolewa upande mmoja. Binti yake mkubwa ndiye aliyekuwa ameshika wembe.

Shemeji alikuja Jumapili kama alivyoahidi. Hakwenda nyumbani kwanza, alikwenda moja kwa moja chumba cha maiti. Mhudumu alitueleza kwamba alisimama muda mrefu, kisha akaomba maji ya uvuguvugu, sabuni na wembe. Akamalizia upande uliobaki, polepole, bila kumkata.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, wadogo zake wawili, na shemeji mmoja, aliyekuja jana kuuliza kama atakuwemo kwenye orodha hii. Mjane alimwambia akae, ale kwanza. Yumo.

Mwenyezi Mungu amlaze marehemu mahali pa amani, na sisi tuliobaki atupe amani ya kutosha kukaa pamoja.