Nati za Gurudumu la Kushoto

IWAO: Haloo, gereji hapa. Naongea na nani?

SETSUYO: Setsuyo. Mke wa Tamotsu.

IWAO: Aa, shemeji. Za asubuhi? Theluji huko kwenu—

SETSUYO: Theluji iache. Gari letu umelifanya nini?

IWAO: Gari?

SETSUYO: Nimesimama kando ya barabara ya Kitakami, hapa kabla ya handaki. Nampeleka mjukuu wetu Mio kwa mama yake. Gurudumu la mbele kushoto linagonga, na usukani unatetemeka kama mtu mwenye homa.

IWAO: Zima injini. Usisogee hata hatua mo— [mkwaruzo]

SETSUYO: Haloo? Unakatika.

IWAO: Nasema usiliendeshe tena. Mtoto yuko wapi?

SETSUYO: Ndani ya gari, anakula chungwa. Nimeinama nikaangalia. Nati moja haipo. Nyingine imekaa upande, imeingia nusu tu. Zilizobaki kona zake zimelika, za mviringo kama kokoto. Nani anafunga nati hivyo, Iwao? Tamotsu alisema Jumamosi alikuletea gari uhamishe matairi, ya nyuma yaje mbele. Si ndivyo?

IWAO: Tamotsu kasema hivyo?

SETSUYO: Ndivyo alivyosema. Alikuletea, hakukuletea?

IWAO: [kimya] Aliniletea.

SETSUYO: Mbona umefikiria kwanza?

IWAO: Nilikuwa nahama niende nje, humu ndani kuna kelele. Ni kosa langu, shemeji. Nisamehe. Nakuja na gari la kuvuta sasa hivi.

SETSUYO: Ngoja. Ulifungaje?

IWAO: Nilikuwa na haraka. Magari yalijaa. Nilizikaza kwa mashine ya upepo.

SETSUYO: Toka mwanzo wa nati?

IWAO: Toka mwanzo.

SETSUYO: Wewe.

IWAO: Mimi, ndiyo.

SETSUYO: Wewe uliyemfukuza mkwe wako gereji kwa sababu ya mashine hiyo hiyo? Kila ukija kwetu kunywa, lazima utuhubirie. Nati ianzwe kwa vidole mpaka ikatae. Ukiona inabisha, itoe uanze upya, usiilazimishe, itakata uzi wa bolti. Kaza kwa kuvukisha, huku kisha upande wa pili, usizunguke kama saa. Umalizie na spana ya kipimo, gari likishakanyaga chini. Mpaka mimi nimekariri, na sijawahi kushika jeki.

IWAO: Hata padri huteleza, shemeji.

SETSUYO: Hukuteleza. Unaniongopea.

IWAO: Mtandao unakata, nadhani—

SETSUYO: Haukati. Nakusikia unavyohema. Jumamosi Tamotsu alikuwa wapi?

IWAO: Muulize mwenyewe.

SETSUYO: Kuna mtu mwingine? Niambie tu. Nina miaka sitini na mbili, sitazimia.

IWAO: Mtu mwingine? Tamotsu? [anacheka kidogo, anaacha] Hapana, shemeji. Hilo hapana.

SETSUYO: Basi mnanificha nini? Alirudi ndani magoti yana matope, kidole amekifunga kitambaa. Akasema kajikata gerejini kwako. Lakini mimi nilisikia chuma kikigongwa bandani kwetu asubuhi nzima. Nikampelekea chai, akaniambia kwa ukali niiache mlangoni. Tamotsu hajawahi kunifokea kwa ajili ya chai. Alifunga mwenyewe.

IWAO: Shemeji—

SETSUYO: Spana ilikuwa inamteleza. Ndiyo maana kona zimelika. Amebadilisha matairi miaka arobaini, spana haijamteleza hata mara moja.

IWAO: Barabara hiyo ina baridi. Mfunike mtoto, mi nawasha gari.

SETSUYO: Siku hizi vifungo vya shati namfunga mimi. Anasema vidole vimeganda. Na supu anainywa akinipa mgongo, ati anaangalia habari. Mkono wa kulia, siyo?

IWAO: Aliniomba nisikwambie.

SETSUYO: Tangu lini?

IWAO: Tangu mavuno ya mpunga. Hakunieleza, niliona mwenyewe. Tulikuwa tunakunywa, kikombe kikamwagika mezani, kisha cha pili. Akakaa akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Nikamwambia twende hospitali, mimi nitaendesha. Akanuna wiki nzima.

SETSUYO: Na matairi?

IWAO: Nilimwambia ayalete. Akasema siku atakayoshindwa kufunga gurudumu la gari lake, tumzike. Nikanyamaza. Sikupaswa kunyamaza, mtoto angepanda humo.

SETSUYO: Amepanda.

IWAO: Ndiyo. Amepanda.

SETSUYO: Angejua nati alizofunga zimelegea Mio akiwa humu... Iwao, akijua, huyu mtu hatainuka tena.

IWAO: Basi asijue. Mwambie asubuhi mlipita gerejini, nikayafungua matairi nikague, nikarudishia vibaya. Ukitaka hivyo, mimi nakubali.

SETSUYO: Atakutukana.

IWAO: Anitukane.

SETSUYO: Mbele za watu.

IWAO: Nitainama. Nitasema kwa kosa hilo, kila msimu gari lije kwangu, asiguse nati hata moja. Atakubali ili aendelee kunisuta.

SETSUYO: Na hospitali?

IWAO: Hiyo ni yako, shemeji. Mimi uwongo wangu unaishia kwenye bolti.

SETSUYO: [mkwaruzo] —subiri. Kuna simu nyingine inaingia. Ni yeye.

IWAO: Kashtuka mmechelewa kufika.

SETSUYO: Sasa nimwambie nini kwanza?

IWAO: Mwambie mko salama. Halafu mwambie fundi wake mbovu.

SETSUYO: Fundi wetu mbovu sana, Iwao. Njoo haraka, miguu imekufa ganzi. Napokea.