Msumari wa Sita

Mzee Usiguse ametumikia makumbusho haya miaka thelathini na minne, na Ijumaa hii, tarehe 30, anastaafu. Waliompa mwandishi wenu, mkuu wa ukumbi wa maonyesho, kazi ya kuandika wasifu huu walijua fika kwamba amegombana na Mzee miaka kumi na tisa mfululizo. Haya, mmeyataka wenyewe.

Kazi ya Mzee ilikuwa kuorodhesha vitu vya kale vilivyobaki kwenye migodi iliyofungwa. Alipima, akachora, akapiga picha, kisha akaacha kila kitu palepale. Ukitoka shimoni, lazima ukaguliwe mifuko. Mkurugenzi wetu alikutwa na msumari wenye kutu, na Mzee akashuka tena ngazi mia na kumi na mbili kuurudisha.

Mwandishi wenu naye ana msimamo wake: kitu kisichoonwa na mtu kina faida gani? Ndiyo maana aling'ang'ania toroli la mbao litolewe kwenye maji ya mgodi. Likatolewa. Likakauka, likapasuka, na gurudumu likang'oka mbele ya mgeni rasmi. Mzee alikwenda tu kuleta fagio.

Mwaka huu ikaja habari kwamba mgodi mkongwe kuliko yote utazibwa kwa zege, maana dari linabomoka. Chini kuna meza ya chakula ya wachimbaji, na ukutani misumari sita yenye vikombe vitano vya bati, vyeusi kwa masizi. Kamati ikawaachia Mzee na mwandishi wenu wakubaliane: vitolewe, au vifukiwe humo moja kwa moja. Kabati la kioo lilikuwa tayari. Mzee akashikilia kwamba vikibanduliwa pale vitakuwa vikombe tu vya chai. Wakanuniana wiki tatu.

Kisha, akifungasha vitu vyake ofisini, Mzee akamwita mwandishi wenu na kupindua kikombe chake cha bati cha buluu, kile cha chai ya kila siku. Chini kimegongwa namba ya mgodi. Alikichukua kule chini wiki yake ya kwanza kazini, akaandika daftarini kwamba vikombe ni vitano, na aibu hiyo ndiyo iliyomfanya awe Mzee Usiguse. Jamani! Na miaka yote anatupekua mifuko! Mwandishi wenu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaona Mzee anafuta machozi.

Jumanne tulishuka pamoja. Akakitundika kwenye msumari wa sita: kimoja kisafi, vitano vya masizi. Nilitamani kuvibeba vyote, nakiri. Nikaviacha. Kamati nimeshaiandikia kwamba vibaki.

Tulipotoka alinikagua mifuko kama kawaida. Haikuwa na kitu.

Asante, Mzee, kwa miaka yote ya kutukera kwa faida yetu. Kapumzike na mkeo, mle mstarehe, afya iwe tele. Zawadi yetu ni kikombe kipya cha buluu. Hiki ondoka nacho, hatutakukagua.