Wenceslaus Lugembe Hakuwa Mtegaji

Ndugu waombolezaji, mimi ni Josepha, mdogo wa mwisho wa marehemu. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajaribu.

Marehemu alizaliwa Puge, Nzega, tarehe 4 Mei 1928, mjukuu wa mpagazi aliyebeba pembe hadi pwani akarudi kwa miguu. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akajifunza cherehani. Alishona barazani pa duka la Mzee Bhagwanji, Kanyenye, mjini Tabora, hadi mwaka 1974 tulipohamishiwa vijijini, akarudi kulima shamba la ujamaa.

Alifunga ndoa na Koleta tarehe 12 Septemba 1953. Wateja wengine aliwakadiria kwa jicho tu, huyu alimpima blauzi moja mara tatu, hadi Mzee Bhagwanji akasema, "Fundi, oa basi, tepu yangu itakatika!"

Ugonjwa ulianza Januari 1979, tukipalilia pamba ya kijiji. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakamvurugika. Tulipomfikisha kivulini alikuwa mzima, anaomba maji. Kaka yetu Jilala, mwenyekiti wa kijiji, akasimama mkutanoni: "Ugonjwa gani huu unaopona kivulini? Huyu anatega kazi!" Mkacheka. Ndiyo, mlicheka. Tangu siku hiyo hata watoto walimwita Mtegaji, mtu aliyekuwa wa kwanza kufika shambani. Hali ilimrudia tena na tena. Safari moja jicho la kushoto liliingia giza, kisha likaona. Alipoomba barua ya kwenda hospitali, mwenyekiti alimjibu, "Barua ni za wagonjwa, kaka." Miaka miwili, jamani!

Machi 1981 Koleta alimchukua bila barua. Tabora, daktari alimsikiliza shingoni, akasikia damu ikivuma, akawapeleka Dar es Salaam. Huko walimpaka mafuta shingoni, wakapitisha kifaa kidogo kiitwacho Doppla, kinachotuma mawimbi ya sauti kwenye damu inayopita. Upande wa kulia kililia taratibu, fwoo, fwoo. Kushoto kikapiga kelele kali, fyuuu! Daktari alieleza kwamba damu hukimbia hivyo inapopenya mahali palipobana, na mshipa huo ndio unaolisha ubongo. Damu ikikatika kidogo, mkono wa upande wa pili hulegea. Ikipita tena, mtu husimama.

"Kwa hiyo sitegi?" marehemu aliuliza.

"Hutegi, mzee. Ila umechelewa kuja."

Koleta anasema marehemu alilia kwa furaha. Mimi nalia kwa hasira.

Akiwa anasubiri upasuaji, alipata kiharusi kikubwa tarehe 2 Juni 1981, akafariki tarehe 5. Kabla ulimi haujafungwa aliniambia, "Josepha, siku mtakayonizika, Jilala asihesabiwe." Nami sitamwangusha.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba na dada mmoja. Ndugu wa kiume hakuacha. Jilala, umekaa mbele na rambirambi za serikali ya kijiji mfukoni. Zibaki humo humo. Katika ratiba hii haumo.

Lala salama, kaka Wenceslaus. Wewe Jilala, usilale.