Maisha ya Tata Stanislas Kabasele na Jiwe Lililopakwa Rangi

Ninyi nyote mliofika kulia pamoja nasi leo Jumamosi, tarehe 31 Mei 2025, ninayewasomea ni Noëlla, binti wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi hii na imeniagiza nisipunguze neno.

Tata, baba yetu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kisenge, mtoto wa tatu wa Tata Godefroid, aliyetoka Kasai kufanya kazi katika mgodi wa manganizi, na wa Mama Kabedi. Alisoma shule ya msingi hapo Kisenge, sekondari akaisomea Sandoa, akapata diploma mwaka 1980, akafundisha jiografia hapa Kolwezi kuanzia Septemba 1982 hadi alipostaafu Julai 2019, na wengi wenu mlichora mto Lualaba mbele yake, akawaambia mfute, mchore tena.

Tarehe 27 Julai 1985 alifunga ndoa na Mama Mbelu, wakajaliwa watoto watano, mmoja wao, Henri, alitutangulia mwaka 1994 akiwa na miaka mitatu, tukabaki wanne.

Kufua chuma hakukuwa kazi yake, kulikuwa furaha yake. Alianza mwaka 1996 kwa kumtengenezea Mama kisu cha jikoni kutoka springi ya lori, kisu kilichopinda, na Mama alikitumia miaka mingi bila kulalamika. Mwaka 2011 aliwakusanya wenzake wenye hamu ileile, wakiwemo dereva, muuguzi, Mama Darlène mshonaji, na rafiki yake Omer, wakawa wanakutana kila Jumamosi uani kwetu, kila mmoja akionyesha alichotengeneza, na chombo cha mmoja kikiharibika, wanakifungua mezani na kukitengeneza pamoja. Sheria yao ilikuwa moja, anayeharibu chombo aseme. Hakuna aliyegombezwa kwa kusema, mimi mwenyewe nilivunja jiliwa lake, kile kibanio cha chuma cha mezani, mwaka 2016, nikamwambia, akanifundisha kulichomelea.

Mwezi huu Omer aliazima mashine ya Tata ya kunolea, ile yenye jiwe linalozunguka tunayoiita meule, akaenda nayo Mutoshi kutengeneza geti lake. Alipoirudisha tarehe 17, Tata aliuliza iko namna gani, Omer akajibu, “Iko muzuri, Tata, nilishaiangalia.” Tata alikuwa na desturi ya kugonga jiwe la meule na kulisikiliza kabla ya kuwasha umeme, maana jiwe lenye ufa halilii kama lililo zima, lakini Jumamosi iliyopita, tarehe 24, hakugonga, kwa sababu rafiki yake wa tangu miaka ishirini alikuwa amemwambia ni nzima. Jiwe lilipasuka, kipande kikampiga kifuani, Mama akamkuta chini, mkono ukiwa bado na glavu. Alipasuliwa mara mbili hospitalini, akatutoka Alhamisi, tarehe 29, saa kumi na moja alfajiri.

Jumanne, Tata akiwa bado hai, Omer alimwambia Mama kwenye baraza ya hospitali, “Mama, ile meule ilianguka, nikaona jiwe iko na ufa, nikapaka rangi juu yake, sababu nilisikia haya.”

Jana wenzake watatu wa Jumamosi, Omer hakuwemo, walikuja nyumbani kutuomba tuseme mashine ilikuwa nzee. Haikuwa nzee, Tata aliibadilishia beringi mwezi Machi, nao walikuwepo, walishika taa. Mama aliwajibu, “Sitakubali basome uongo mbele ya sanduku ya bwana yangu.” Walitaka kuokoa jina la kundi, jina la Tata wakaliacha libebe kosa, kana kwamba mwalimu huyu hakujua kutunza vyombo vyake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na Mama Darlène, aliyekataa kuja na wale watatu. Wale watatu hatuwashukuru. Omer ameketi nyuma, Mama ndiye aliyeruhusu aingie, asifukuzwe, asiguswe, lakini sanduku hatalibeba.

Tata, pumzika kwa amani, hiyo amani sisi bado hatujaipata.