Zefania Mwasomola, Mlezi wa Vijana wa Kikapu

Baba mchungaji, ndugu na majirani wa Silver Spring, familia imenituma mimi Nehemiah, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka, na mkiniona nachangamka kuliko inavyofaa msibani mnivumilie, maana maisha yenyewe yalichangamka.

Zefania Mwasomola alizaliwa Tukuyu tarehe 14 Machi 1961, akasoma huko huko msingi na sekondari, akaja Maryland mwaka 1986 kusomea ualimu wa michezo, na tarehe 8 Agosti 1992 akafunga ndoa na shemeji yetu Vaileth, wakajaliwa watoto wawili, Irene na Ombeni.

Mwaka 2009 aliajiriwa na timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu, awalee vijana wanaochaguliwa kila mwaka kutoka vyuoni, na hapo ndipo alipoanza kugombana na mabosi, kwa sababu, alisema, timu zinajua kuchagua ila kulea zinashindwa, kijana akikosea miezi sita wanamwonyesha mlango.

Kamari, huyu mrefu aliyebeba jeneza, alichaguliwa Juni 2022 akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa misimu miwili kaka alimkomalia arushe kutoka mbali, mipira mia tano kila asubuhi, mipira ikagoma kuingia, hata mabosi wakasema mkataba ukiisha 2025 aondoke. Jumapili moja kijana alikuja kula ugali, wakawa wanatazama marudio ya mechi, na Vaileth, ambaye sheria za kikapu hazijui hata moja, akauliza, “Baba Irene, mbona huyu mtoto anafurahi akimnyang’anya mtu mpira, halafu wewe unamlazimisha kurusha?” Kaka akamwomba kijana radhi pale pale mezani, na Kamari, kwa Kiswahili chake cha chuoni, akajibu, “Hamna shida, Mzee, ila kesho tuanze.”

Wakaanza, na jamani, msimu uliofuata Kamari alikaba mpaka wafungaji wakubwa wakawa wanamkimbia uwanjani!

Januari 2025 kaka aligundulika na saratani ya kongosho, akaendelea kwenda mazoezini kwa kiti cha magurudumu, na kitandani swali lake lilikuwa moja tu, je, Kamari wamembakiza, hadi alipofariki Jumanne tarehe 8 Julai alfajiri, hajajibiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika siku zote hizi, na makocha wenzake.

Juzi Alhamisi Kamari amesaini. Kaka Zefania, wamembakiza, miaka minne! Pumzika sasa.